Akiba ya Mshono

Kabla sijasema neno jingine, naomba kila mmoja wenu anyanyue mkono na aweke kiganja kisogoni, pale mfupa ulipotokeza kidogo juu ya shingo. Msipapase nywele. Bonyezeni mpaka muusikie mfupa, halafu isukumeni ngozi kwenda juu, kisha ivuteni chini. Waliojifunga vilemba na mitandio watasikia vilevile, hata juu ya kitambaa.

Basi. Wamo humu ambao ngozi yao imekwenda upana wa kidole kizima, na wamo ambao haikutoka mahali pake, kana kwamba imegandishwa kwenye fuvu. Wote ni wazima, hakuna mgonjwa. Lakini siku mtu akilala kifudifudi juu ya kitanda cha upasuaji ili akatwe ukanda wa ngozi kisogoni, nywele zake zikapandikizwe kwenye upara wa mbele, tofauti hiyo ya upana wa kidole ndiyo itakayoamua kovu lake litakuwa uzi au litakuwa barabara. Na akirudi mara ya pili, inaamua zaidi.

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wa uuguzi somo la maumbile ya mwili, kwa hiyo mtanisamehe nikianza na maumbile. Kichwa kimefunikwa na matabaka matano. La kwanza ni ngozi yenyewe, yenye nywele. La pili ni nyama ngumu ya mafuta iliyosheheni mishipa ya damu, ndiyo maana mtoto akigonga kichwa kwenye kona ya kabati akachubuka kidogo tu, nyumba nzima hudhani amekufa kwa wingi wa damu. La tatu ni kano bapa, pana na jembamba, linalouunga msuli wa paji la uso na msuli wa kisogo. Matabaka haya matatu yameshikana. Ukilisogeza moja umeyasogeza yote. La nne ni utando laini wenye nyuzi chache zilizolegea. La tano ni gamba jembamba lililoambatana na mfupa.

Mlipokuwa mkisukuma ngozi juu na chini, mliteleza katika lile tabaka la nne. Fikirieni kofia iliyotiwa bitana. Kitambaa cha juu hucheza juu ya bitana kwa kuwa havikushonwa pamoja kila mahali. Sasa mpe fundi apitishe cherehani katikati, aunganishe kitambaa na bitana kwa mshono mmoja mrefu kutoka sikio hadi sikio. Kofia ni ileile, lakini pale penye mshono haichezi tena. Hivyo ndivyo kilivyo kichwa cha mtu aliyekwisha kupandikizwa nywele kwa njia ya ukanda. Kovu halikai juu tu. Linashuka, linayashika matabaka yaliyokuwa yakiteleza, linayafunga pamoja.

Niseme kidogo kazi hii ilikotoka, kwa sababu wengi wanadhani kupandikiza nywele ni kuotesha nywele mpya. Sivyo. Hakuna unywele unaozaliwa. Ni kuhamisha. Mwaka 1939 daktari wa Kijapani, Shoji Okuda, alieleza jinsi alivyochukua viduara vidogo vya ngozi yenye nywele na kuvipanda kwenye makovu ya watu walioungua. Aliandika Kijapani, vita vikafuata, na kazi yake ikakaa miaka mingi bila kujulikana nchi nyingine. Huko New York, mwaka 1952, Norman Orentreich alimpandikiza nywele mtu mwenye upara wa kurithi, na mwaka 1959 akachapisha jambo ambalo hadi leo ndilo msingi wa kazi yote: unywele uliotoka kisogoni ukihamia utosini unabaki na tabia ya kisogoni. Vinyweleo vya utosini, kwa mwanamume aliyerithi upara, vinaathiriwa na homoni na kusinyaa mwaka hadi mwaka. Vya kisogoni vinastahimili. Ukivihamisha, vinahama na ustahimilivu wao.

Viduara vya enzi hizo vilikuwa na upana wa milimita 4, na vichwa vya waliopandikizwa vikawa na vichaka vichaka kama nywele za mwanasesere. Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1980 huko San Antonio, Texas, pale Bobby Limmer alipoanza kukata ukanda mmoja wa ngozi kisogoni, kisha chini ya hadubini akautenga vipande vidogo kabisa kwa kufuata jinsi nywele zinavyoota zenyewe, maana nywele haziоti moja moja kwa mpangilio sawa. Zinatoka katika mafungu ya moja, mbili, tatu, mara chache nne. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1994. Tangu hapo mtu anaweza kupandikizwa na asijulikane.

Lakini tazameni hesabu yake. Ukanda wenye urefu wa sentimita 25 na upana wa sentimita 1 ni sentimita 25 za mraba. Mafungu yakiwa 70 katika kila sentimita ya mraba, unapata 1,750. Kwa wengi wetu wenye asili ya Afrika mafungu yako machache kuliko hapo, hivyo tuseme 1,500. Hayo ndiyo mavuno. Na ile ngozi iliyoondoka? Hairudi. Hakuna anayeleta kiraka. Daktari anashika ukingo wa juu na ukingo wa chini, anazivuta zikutane, anashona. Kilichofunika shimo ni ngozi ileile iliyobaki, imevutwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetaka njia hii linapaswa kuwa: ngozi itakayobaki itakubali kuvutwa kiasi gani bila kulalamika? Wagonjwa karibu wote huanza kwa kuuliza watapata nywele ngapi.

Mimi mwenyewe nilianza na nywele ngapi. Nilikuwa na miaka 34, na mwalimu wa maumbile ya mwili alikuwa na kila sababu ya kujua zaidi. Nilifanyiwa mahali ambapo sitapataja, na daktari ambaye sitamtaja, na ninaamini alinitakia mema, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsihi achukue nyingi iwezekanavyo. Alichukua ukanda mpana. Usiku ule na nyusiku mbili zilizofuata nililala nimekaa, mito miwili mgongoni, nikisikia kisogo kimebanwa kama ngozi ya ngoma iliyotoka kuanikwa juani. Nikiinamisha kichwa kufunga kamba za viatu, mshono wote ulinikumbusha kwamba upo. Nyuzi zilitolewa, maumivu yakaisha, nywele za mbele zikaota vizuri. Miezi minne baadaye nikaenda kwa kinyozi wangu wa siku zote. Alikuwa anapandisha mashine kutoka shingoni. Ikafika mahali ikasimama. Akaizima. Akapitisha kidole gumba polepole kutoka nyuma ya sikio moja mpaka jingine, akaniambia kwa sauti ya chini ili waliokaa kwenye benchi wasisikie: “Kaka, hapa nisishuke namba moja. Tukae namba tatu.” Kovu lilikuwa limepanuka kufikia unene wa penseli.

Tangu siku hiyo nikaanza kusoma juu ya ulegevu wa ngozi.

Upara, ndugu zangu, hausubiri. Aliyejaza paji la uso akiwa na miaka 34, akifika 43 anakuta nyuma ya zile nywele alizopandikiza pamefunguka uwanja mwingine, maana zile za asili zilizokuwa zimebaki zimeendelea kuondoka. Ndipo wengi wanarudi. Wanaporudi kisogo si kile cha kwanza. Sentimita nzima au zaidi imekwisha kutoka. Ngozi iliyobaki imetandazwa, kwa hiyo mafungu ya nywele kando ya kovu yameachana kidogo. Chini yake pameshikana. Na kwa kawaida daktari mzuri hataki kukuachia makovu mawili. Ukanda wa pili anaukata ukizunguka kovu la zamani ili ubaki mstari mmoja. Ni busara, lakini ina maana sehemu ya ukanda huo ni kovu tupu, halina nywele. Unatumia ngozi nyingi kwa mavuno machache. Ndiyo sababu wagonjwa wa mara ya pili ndio wanaoambiwa: nenda kalegeze ngozi kwanza, urudi.

Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza na gumu kulidumisha. Kaa kwenye kiti, weka viwiko mbele yako. Funga vidole vya mikono miwili nyuma ya kichwa, viganja vikilala kisogoni kushoto na kulia, juu kidogo ya kovu. Kaza viganja kwenye mfupa. Isukume ngozi yote juu kadiri itakavyokwenda, ishikilie kwa sekunde chache, kisha ishushe mpaka mwisho, ishikilie. Juu, shikilia, chini, shikilia. Baada ya dakika kadhaa hamisha viganja kwenye pande, nyuma na juu ya masikio, maana pale ndipo ngozi inapobana zaidi na ndipo mishono inapoharibikia. Dakika 10, asubuhi na jioni. Wiki 4 hadi 6 kwa mwenye kisogo kigumu. Kwa aliyekwisha kukatwa, wiki 8 au zaidi. Siku ya kuacha kabla ya upasuaji atakupangia daktari wako.

Sasa, kosa la kwanza la watu wetu, nami nalielewa kwa kuwa tumelelewa hivyo: mtu akisikia “chua kichwa” anafungua chupa ya mafuta ya nazi. Pwani tunajua kusinga. Bibi arusi anasingwa kwa singo, mama aliyejifungua anakandwa, mtoto mchanga anapakwa mafuta na kunyooshwa viungo. Mikono yetu inayajua haya. Lakini hapa mafuta ni adui. Kiganja chenye mafuta kinateleza juu ya nywele na ngozi inabaki palepale; utamaliza dakika 10 umezisugua nywele tu, na kuzikata. Mkono uwe mkavu, kichwa kikavu, kucha fupi. Kiganja na ngozi viwe kitu kimoja, mtelezo uwe chini kabisa, kwenye bitana. Ukisikia joto juu ya ngozi unakosea. Ukisikia mvuto mzito unaopanda mpaka kwenye nyusi, umepata.

Wiki ya kwanza mikono inachoka kuliko kichwa. Mabega yanauma. Kisogo kinakuwa na maumivu mepesi kama ya mtu aliyelala vibaya, na hayo yanavumilika. Malengelenge, michubuko, maumivu makali yanayochoma upande mmoja, hayo hayavumiliki. Simamisha, kamuone daktari. Na asiguse kabisa mwenye mshono mbichi. Kovu linahitaji miezi kukomaa. Kuvuta mshono wa wiki sita kwa tamaa ya kuulegeza ni kuupanua kwa mikono yako mwenyewe, na ndiyo maana madaktari wengi hawazungumzi juu ya upasuaji wa pili kabla ya miezi 8 au mwaka kupita.

Mke wangu ndiye aliyekuwa mpimaji wangu. Kipimo ni rahisi na madaktari wa kazi hii wanakitumia. Unaweka alama mbili kisogoni, moja juu ya nyingine, umbali wa milimita 50. Kwa vidole gumba viwili unazisukuma zikaribiane kadiri ngozi itakavyokubali, halafu unapima tena umbali uliobaki. Jumapili ya kwanza, nimekaa kwenye kigoda uani, yeye nyuma yangu na kalamu na rula ya mtoto ya shule, alama zilikaribiana mpaka milimita 44. Toa 44 kwenye 50, zimebaki 6. Sita katika hamsini ni asilimia 12. Aliandika kwenye daftari la matumizi ya nyumbani, chini ya bei ya mchele. Jumapili ya tatu ilikuwa bado 44, nikakata tamaa. Ya tano, 42. Ya tisa, 40, yaani asilimia 20. Jambo moja alilisisitiza tangu mwanzo, nami nikaona ana haki: apime mtu mmoja, kwa nguvu zilezile, mahali palepale. Vidole vya mtu mwingine vina nguvu nyingine, na ukibadilisha mpimaji utadhani ngozi imelegea kumbe umepata mtu mwenye misuli.

Kwa nini ngozi inakubali? Hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mtazameni mzee wa Kimasai, ndewe zake zinagusa karibu mabega. Hakuzaliwa nazo. Zilitobolewa akiwa mdogo, zikawekewa kijiti, kisha kijiti kinene zaidi, kisha kipande kikubwa zaidi, miezi kwa miaka. Wamakonde wa zamani, wanawake wao walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu kwa utaratibu uleule. Mama mjamzito ngozi ya tumbo lake inamfuata mtoto kwa miezi tisa. Ngozi ikivutwa kidogo kidogo, kwa muda mrefu, haivutiki tu, inajenga. Chembe zinagawanyika, nyuzi zinajipanga upya. Madaktari wa upasuaji walilijua hilo wakalitumia: mwaka 1957 Charles Neumann alieleza jinsi alivyoweka puto dogo chini ya ngozi karibu na sikio lililoharibika, akalijaza hewa polepole mpaka ngozi ikaongezeka ya kutosha kulifunika sikio. Katika miaka ya 1970 Chedomir Radovan aliiendeleza njia hiyo, na leo mtoto aliyeungua nusu ya kichwa anaweza kuwekewa puto la maji chini ya nusu iliyo nzima, ngozi yenye nywele ikakuzwa kwa wiki kadhaa, ikavutwa kufunika kovu.

Lakini kuna mvuto wa namna nyingine, wa haraka. Ukiuvuta ukingo wa jeraha na kuushikilia kwa dakika kadhaa, unakuachia kidogo. Maji yanahama kati ya nyuzi, nyuzi za kolajeni zilizokuwa zimejikunja zinanyooka. Huko Glasgow, miaka ya 1960, daktari Thomas Gibson na mhandisi Kenedi waliipima tabia hii kwa vyombo kama vile mhandisi anavyopima kamba au chuma. Ulegevu wa namna hii ni wa mkopo. Ukiacha, nyuzi zinajikunja tena.

Mazoezi ya viganja yako wapi kati ya hayo mawili? Puto linakaa chini ya ngozi usiku na mchana; kiganja kinakaa dakika 20 kwa siku. Siwezi kusimama hapa niwaambie kwamba viganja vinajenga ngozi mpya kama tumbo la mama. Linaloeleweka zaidi ni kwamba vinalegeza yale mashikano ya tabaka la nne na kunyoosha nyuzi zilizokaza, na kwa hiyo ngozi ileile inasogea mbali zaidi. Ushahidi wake umetokana hasa na madaktari kuwapima wagonjwa wao kabla na baada, si majaribio makubwa ya maelfu ya watu. Kwangu unatosha kwa zoezi lisilo na gharama. Hautoshi kwa kuuza mashine ya kuchua kwa bei ya simu, na mashine hizo zinauzwa.

Na tusichanganye jambo hili na jingine linalofanana nalo. Mwaka 2016 watafiti wa Kijapani walichapisha matokeo ya wanaume 9 waliochuliwa vichwa kwa kifaa dakika 4 kila siku kwa wiki 24. Unene wa unywele mmoja mmoja ukaongezeka kidogo. Watu tisa. Kutokana na hapo kuna watu mjini wanaosema kuchua kunaotesha nywele kwenye upara. Anayelegeza kisogo kwa ajili ya upasuaji hatafuti nywele kabisa. Anatafuta nafasi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta hapa.

Ngozi ikilegea kutoka asilimia 12 hadi 20, wewe na daktari mnakuwa mmepata kitu ambacho hamkuwa nacho. Mtakitumiaje? Kuna vishawishi viwili vinavyovuta upande mmoja: mgonjwa anataka nywele nyingi, daktari anataka mgonjwa aridhike. Basi wote wawili wanasema, vizuri, kumbe sasa tunaweza kukata ukanda mpana zaidi. Wanakata mpana zaidi, wanavuta zaidi, na mshono unarudi kubana vilevile kama ambavyo ungebana bila mazoezi. Wiki tisa za mikono nyuma ya kichwa zimeliwa siku moja.

Nasema hapana. Ulegevu ule ni wa mshono. Kila fundi wa nguo anajua kuacha akiba ya kitambaa ndani ya pindo; nguo isiyo na akiba ikivutwa kidogo inafumuka, na haina pa kulegezwa. Mshono unaobana unaminya vimishipa vidogo vya damu kwenye kingo. Nywele za kando zinapata mshtuko na kudondoka, wakati mwingine zinarudi, wakati mwingine hazirudi. Kovu linapanuka miezi inayofuata kwa sababu ngozi inavuta kurudi ilikotoka. Mbano ukizidi, ukingo wa ngozi unakufa, unakuwa mweusi, unaacha kidonda na baada yake uwanja usio na nywele. Miaka ya nyuma wako waliojaribu kuumaliza upara kwa kuukata: mwaka 1977 akina Blanchard walieleza upasuaji wa kuondoa ngozi yenye upara utosini na kuivuta yenye nywele ikutane juu. Ilionekana kama muujiza. Mwaka 1984 Rolf Nordström wa Ufini alipima na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichoondolewa hujirudisha katika wiki zinazofuata: ngozi inajinyoosha tena na upara unafunguka. Ngozi iliyovutwa kwa nguvu inatafuta njia ya kurudi.

Kwa hiyo anayekwenda mara ya pili naomba azungumze na daktari wake juu ya upana kabla ya kuzungumza juu ya idadi. Ulegevu upimwe katikati ya kisogo na nyuma ya kila sikio, maana ukanda mmoja unaweza kuwa salama katikati na hatari pembeni. Pembeni ukatwe mwembamba. Aulize kama ukingo wa chini utapunguzwa kidogo, milimita moja hivi, kabla ya kushona, ili nywele zipenye na kuota katikati ya kovu; mbinu hiyo ipo na inasaidia sana, lakini ukingo uliopunguzwa nao unahitaji ulegevu. Na ambaye ngozi yake inakwenda ovyo, ambayo tangu kuzaliwa imelegea kama kitambaa chepesi, asifanye mazoezi haya hata siku moja. Hana shida ya kubana. Makovu yake ndiyo yanayopanuka yenyewe, na daktari anapaswa kulijua hilo mapema.

Mtaniuliza, kwa nini tukatwe ukanda wakati siku hizi nywele zinachomolewa fungu moja moja? Ni kweli. Tangu William Rassman na wenzake walipoieleza njia hiyo mwaka 2002 imeenea dunia nzima, na wengi wa wanaopanda ndege kwenda Istanbul wanaifuata. Kifaa chenye mdomo wa mviringo, kipenyo cha milimita 1 au pungufu, kinazunguka fungu na kulitoa. Hakuna mshono mrefu, hakuna haja ya kulegeza ngozi. Lakini nywele zetu, mabwana, zimejikunja hata chini ya ngozi. Mzizi haukushuka wima; umepinda kama ndoana. Kifaa kilichonyooka kinachimba wima, na mkono usioizoea nywele ya Mwafrika unakata ndoana katikati na kuua fungu. Chini ya hadubini, kwenye ukanda, mkataji anaona pindo kwa macho na kulifuata. Ndiyo maana kwa watu wetu njia ya ukanda haijazeeka, ingawa wapo madaktari wenye ustadi wa kuzichomoa nywele hizi vizuri.

Upande wa pili wa sarafu hiyo tunaujua nyumbani. Ngozi nyeusi huwa nyepesi kutengeneza keloidi, lile kovu linalovimba na kuzidi mipaka ya jeraha. Aliyewahi kuota keloidi kifuani, begani au kwenye ndewe baada ya kutoboa masikio, aseme kabla ya kukatwa popote. Na wanaume wengi wana vinundu vigumu kisogoni, karibu na shingo, vinavyozidi kila wanaponyoa chini sana. Wengi huvilaumu vinyozi na mashine zao. Ule ni ugonjwa, unatibika ukiwahiwa, na ukiwepo kisogo hicho hakikatwi mpaka utulie. Kwa dada zetu waliopoteza nywele za mbele kwa kusuka na kubana miaka mingi, au za utosini kwa ule ugonjwa unaoanzia katikati na kuacha kovu, mambo ni hayohayo: kwanza chanzo kikome, ngozi ipumzike, daktari wa ngozi aridhike. Kuchua kisogo mapema hakutasaidia kitu.

Nilirudi kitandani nikiwa na miaka 43, kwa daktari mwingine. Nililala kifudifudi, uso katika tundu la mto. Alinichoma ganzi, kisha akadunga maji ya chumvi mpaka kisogo kikatuna na kuwa kigumu kama embe bichi. Kabla ya hapo, bado nimekaa, alikuwa amepima mwenyewe kwa vidole gumba vyake, mara tatu, sehemu tatu. Alimwita muuguzi asome rula. Nilimwambia namba zetu za daftari akatikisa kichwa kukubali. Akasema ngozi ya katikati sasa ingeruhusu milimita 12, pamoja na kovu la zamani ndani yake.

Akachora kwa kalamu ya zambarau. Alichora milimita 9. Nikamuuliza zile tatu. Alikuwa anafunga kalamu. “Hizo ziache,” akasema, “ni za kufungia.” Zikaachwa.